Suruali ya Bahari na Mlima

Ufukweni, 3 Agosti

Dada mpendwa,

Shikamoo. Kwa heshima na taadhima nautangazia ukoo mzima, walio hai na waliotangulia, kwamba leo asubuhi kaptula yangu imeingia baharini na imetoka na rangi yake. Mimi mzima, hofu ni kwako na goti lako.

Nchi hii niliyokuja ni ndogo: ukisinzia ndani ya basi unaamkia kwa jirani. Ukilala ufukweni, mlima huu hapa, juu ya vidole vya miguu yako. Wenzangu wamekuja likizo na mabegi mawili, la maji na la baridi. Mimi nina suruali moja. Hapa ni kaptula. Kule juu naifungia miguu kwa vifungo, blanketi ndani kama bitana, nakuwa mtu wa mlimani. Mama mwenye nyumba ya wageni kaniuliza, "Kaka, hivyo vifungo magotini ni vya nini?" Nikamwambia ni vya baadaye.

Makubaliano unayakumbuka, lakini nakukumbusha, maana kuna mambo huwa unayasahau kwa makusudi. Ikistahimili bahari na mlima, na mtu asiyenijua akaitaka, nakabidhiwa mkasi. Nimechoka kushona tu, nikifuata chaki ya mwenzangu anayekata.

Wiki ijayo napanda.

Mdogo wako, wa cherehani


Nyumbani, 8 Agosti

Mdogo wangu,

Marahaba. Goti linauma upande mmoja tu, nashukuru. Shemeji yako anakusalimu. Anasema hata gunia linaingia baharini na kutoka, si jambo la kuwasumbulia marehemu.

Makubaliano nayakumbuka. Nakumbuka pia lile gauni la bibi harusi ulilolikata nikiwa msibani, likatoka na nafasi ya mtu na shangazi yake. Mshonaji akikosea anafumua. Mkataji akikosea anazika. Ndiyo maana miguu ya hiyo suruali nimeikata mwenyewe, kwa mkono huu, usije ukaniaibisha mbele ya milima ya watu.

Vaa soksi.

Dada yako


Mlimani, 14 Agosti

Dada,

Shikamoo tena, na hii isome ukiwa umekaa. Natumaini goti limetulia, kwa sababu sasa litapata mwenzake wa kukuuma.

Tulipanda kundi la wageni na mwongozaji wetu, jamaa mrefu anayeitwa Ngazi. Ukungu ulipoanza, baridi ikashika magoti. Nikasimama mbele ya wote: "Sasa tazameni." Nikafunga mguu wa kushoto, ukakaa kama ngozi yangu. Nikafunga wa kulia: vifungo na matundu vikapishana. Nikauzungusha, vikakutana, ila goti likawa linatazama nyuma.

Ngazi akasema, "Ndugu, huo mguu unarudi nyumbani." Walicheka mpaka mama mmoja akakaa chini.

Nikaitandaza juu ya jiwe. Dada, yote miwili ni ya kushoto. Hukugeuza kitambaa. Ulikata cha kwanza, ukaweka cha pili vilevile, ukakata.

Baridi haimsubiri mtu amalize kukasirika. Nikafikiri kishonaji: mguu wa kushoto ukiupindua, ndani ukawa nje, unakuwa wa kulia. Nikaupindua. Vifungo vikaingia matundu yake kimoja baada ya kingine, kwa adabu. Ila blanketi sasa liko nje. Nikapanda hivyo, mguu mmoja wa bwana, mmoja wa kondoo.

Kileleni hakucheka mtu. Ukungu ulikuwa umewalowesha, nguo zao zote ni za kuteleza, na kitu pekee kikavu cha kufutia miwani kilikuwa mguu wangu wa kondoo. Walipanga foleni. Nikiwa nimesimama pale kama taulo la serikali, ukungu umefunguka, naiona bahari yote ya nchi hii na kipande cha nchi ya jirani, Ngazi akaninong'oneza, "Nishonee kama hiyo, nalipa."

Nikamwambia nitamshonea yenye miguu ya kawaida.

"Ya kawaida ninayo. Nataka wa kondoo."

Dada, mkasi.

Mdogo wako, mkataji


Mlimani, 29 Agosti

Dada,

Shikamoo. Sijaona jibu. Kama ni goti, pole. Kama ni mkasi, pole zaidi.

Mdogo wako


Nyumbani, 5 Septemba

Mdogo wangu,

Marahaba. Goti halijambo, ni mimi niliyekuwa siongei. Nilipomaliza kusoma nilikwenda kwenye gunia la mabaki, nikavitandaza mezani vipande vilivyobaki nilipoikata ile miguu. Kushoto na kushoto. Shemeji yako alipita, akatazama, akatoka kwenda kulisha kuku wa jirani.

Nawe uliishona yote bila kuona. Lakini mshonaji hufuata chaki, na chaki ilikuwa yangu.

Basi umeshinda, kitindamimba wee. Mkasi nimeunoa, na meza ya kukatia nimeisogeza kwenye cherehani yako. Nimeshona nyingine ya kuning'iniza dirishani. Kukata miguu miwili ya kushoto kwa makusudi mkono ulikataa, ikabidi nifumbe macho. Imetoka nzuri kuliko haki yake. Mtaa mzima unasimama dirishani. Muuza maziwa kamleta mkewe aione. Wakiuliza, nasema ni kazi ya mdogo wangu, mkataji. Neno hilo nimelitamka mbele za watu na sikufa.

Rudi ushike meza yako.

Dada yako

Nyongeza: Wote wanaisifu, hajanunua mtu. Huku kwetu hakuna bahari wala mlima.