Koti la Leso za Nyanya

Jumapili, Septemba 5, 2004

Koti limekwisha! Leso za marehemu Nyanya, kipande kwa kipande, na mgongoni ile doti nyekundu kwa nyeusi, leso mbili ambazo hata hazikuwa zimetenganishwa. Ndiyo iliyoliokoa. Bila hiyo lingekuwa blanketi la viraka.

Shangazi Zamzam alinifungulia sanduku mwenyewe, akaniambia nichukue za juu. Nikachukua. Alipokwenda kutawadha nikachukua na ile doti, iliyokuwa chini kabisa. Ilikuwa imefungwa na pamba na kafuri. Nikaikung'utia dirishani huku nacheka — wazee na dawa zao za wadudu! Kwa umri wake Shangazi, leso mpya ya nini? Nitamwambia baadaye.

Jumamosi, Septemba 11

Maonyesho ya mavazi, Nairobi. Kanini, rafiki yangu aliyeniandikisha, alinisukuma mbele: "Sumayya, geuka waone huko nyuma! Huko ndio kuna kazi!" Nikageuka. Makofi! Mwandishi wa gazeti akauliza kama nyumbani hawakuona uchungu leso kukatwa. Nikamjibu kwamba familia nzima imebariki.

Nilisema hivyo bila hata kumeza mate.

Jumatatu, Septemba 13

Nimo gazetini. Mgongo wangu, ukurasa mzima karibu. Sikumpelekea Shangazi.

Jumatano, Septemba 15

Shangazi ameanguka bafuni, amelazwa hospitali. Mwanaasha, binti yake, amekuja mbio kutoka Syokimau. Mgonjwa anaongea kwa shida lakini akili zake anazo.

Nilikuwa namkanda Shangazi miguu, Mwanaasha aliponinong'oneza. Mama hataki kusitiriwa kwa leso za kuazima siku yake ikifika. Anayo doti aliyoachiwa na mamake, ameiweka miaka yote na pamba yake na kafuri yake. Hiyo ndiyo atakayotandiwa juu akioshwa.

Nikamfunika Shangazi miguu, nikatoka.

Kafuri, ile ya maiti! Mtoto wa Kiislamu mimi, nimezaliwa hapa hapa Machakos mjini, nimeona misiba mingapi? Ni kweli sisi wasichana hufukuzwa chumba cha kuoshea maiti. Lakini pua si ninayo? Harufu ile naijua tangu utotoni, halafu nikaiita dawa ya wadudu kwa sababu ndivyo nilivyotaka iwe. Naona aibu hata kujitazama kwenye kioo.

Alhamisi, Septemba 16

Nimelifumua koti kwa wembe. Vipande nimevipanga kitandani, nimevipanga tena, havikubali. Mkasi ulipita katikati ya maandishi. Vingine nilivifagia nikavitupa — vilikuwa vidogo, nani angevihitaji?

Nikaenda madukani kutafuta doti inayofanana. Muuzaji akasema muundo huo haupo siku hizi, labda nichukue ya kijani. Nikajikuta nauliza kama ya kijani inaweza kutiwa rangi. Kumdanganya mtu hadi siku ya kuoshwa kwake! Nilitoka dukani bila kuaga.

Ijumaa, Septemba 17

Daktari amesema tumrudishe nyumbani. Hakufafanua, na hatukumuuliza.

Baada ya sala wakaja wanawake wa jirani. Mwanaasha akafungua sanduku aitoe doti ianikwe kidogo. Akapekua mpaka chini. Akarudia. Kisha akageuka: "Nani ametia mkono humu?"

Nilifungua mdomo. Nilitaka kusema, wallahi nilitaka.

Shangazi akanitangulia. "Nilimpa Sumayya aniwekee. Nyumba hii ina panya."

Akanitazama, wala si kwa hasira. Anajua. Gazeti lile limezunguka mji mzima, bila shaka kuna aliyempelekea. Hata kuongea hawezi vizuri, na pumzi yake kidogo ameitumia kunifichia aibu yangu mbele za watu. Mimi, niliyemkatia leso yake! Afadhali angenitukana.

Wanawake wakafurahi. Wakanisifu kwamba mimi ni msichana wa kuaminika. Wakasema basi twende na Mwanaasha tukailete sasa hivi, isije ikatafutwa kwa haraka.

Mwanaasha yuko sebuleni kwangu, nimempa chai. Mimi niko chumbani, nimefunga mlango, naandika kwa sababu sijui mikono niifanyie nini. Vipande bado viko kitandani.

Anaita. "We Sumayya, kwani umeiweka wapi hiyo leso?"

Nimemjibu bado natafuta.