Mama Elube Namakhwa, Aliyekataa Kuoshwa na Mganga

Mama, mwaka umetimia tangu tukulaze kule chini ya mlima, na mpaka leo hatujapata mtu wa kutusema vizuri kama wewe.

Ulikuwa mfinyanzi. Nusu ya kijiji hiki inakunywa maji kutoka mitungi ya mikono yako. Uliwafinyangia wajane bure, na walipokushukuru uliwafukuza: "Nendeni huko, udongo ni wa Mungu, mimi nimeukanda tu." Uliomba kwa sauti huku ukipepeta mbaazi, kama mtu anayezungumza na mwenzake aliye chumba cha pili. Hukupenda maombi marefu. Ulisema anayemwimbia Mungu sifa saa nzima anaficha jambo.

Tunataka wasomao wajue yaliyokupata, maana kuna watu siku hizi wanayasimulia kwa namna nyingine.

Mwaka ule Tadala, mtoto wa jirani yetu Fanesi, alikufa kwa homa. Chikopa, mshauri wa mwenye kijiji, aliyekuwa akilitamani shamba lako la kando ya kijito tangu Baba afariki, akamleta mganga wa kutafuta wachawi. Mganga akaja na baiskeli, mikia ya mbuzi na kioo. Kioo kikamwonyesha bibi kizee anayechechemea. Ajabu gani! Kijiji kina bibi mmoja tu anayechechemea, na mganga amelala kwa Chikopa, amekula kuku wa Chikopa.

Ukaambiwa ukiri, uchanjwe na uoshwe kwa dawa mbele ya watu. La sivyo, asubuhi uwe umehama.

Jioni ile kila mtu alikuwa na shauri. Mjomba Bizwiki alitaka ukimbilie mjini Limbe. Mchungaji alituma salamu kwamba yuko nasi katika roho. Mwili wake alikuwa ameufungia ndani kwa komeo. Laiton, mwanao mkubwa, alikaa kizingitini akinoa panga.

"Laiton," ulimwambia, "panga hilo limeshindwa na kisiki cha mpapai tangu mvua za kwanza. Leo ndilo litashinda kijiji?"

"Sasa tukae tu, Mama? Tuwangoje kama kuku?"

"Mimi nina goti bovu na meno manne. Nikiwa mimi ndiye wa kujiokoa, basi anzeni kulia sasa hivi. Wewe una kelele. Bizwiki ana miguu ya kukimbia. Hakuna wokovu hapa, baba. Aliyeniumba anaijua nyumba hii."

Dorofe, mdogo wake, akakuuliza, "Na asipokuja?"

"Nitakwenda mimi kwake. Lete mbaazi zangu."

Walikuja jua likiwa limeshapanda. Tuliwatambua wote, Mama. Walikuwapo uliowakata vitovu. Walikuwapo waliokula nsima yako, ugali wako, mwaka wa njaa, wakalamba na vidole. Leo walikuwa na mawe, na Chikopa mbele yao, amevaa koti kama mtu anayekwenda harusini.

"Wewe bibi, unaoshwa au huoshwi?"

Hukuinuka mkekani. "Mimi nilishaoshwa, Chikopa, kabla hujazaliwa. Na huyo rafiki yako, kabla ya kuniosha mimi, aoshe kwanza miguu yake."

Mtu mmoja akacheka. Mwingine akarusha jiwe, likakupata juu ya jicho. Laiton akaruka na panga lake, ukamshika pindo la suruali, ukamkalisha chini kama mtoto. Damu ilikuwa ikidondoka kwenye ungo. Ukasema, si kwa kelele, "Bwana, unaona. Mimi sina la kufanya."

Ndipo Fanesi alipotokea, kichwa chake bado kimefungwa kitambaa cha msiba. Aliwapita katikati, wakampisha wakidhani mwenye mtoto ndiye amekuja kurusha jiwe lake. Akakaa kando yako mkekani, akakufuta damu kwa kanga yake.

"Rusheni sasa," akasema. "Mtoto ni wangu. Alipowaka homa nilitaka kumpeleka hospitali. Chikopa akamwambia mume wangu, hospitali ya nini, mganga yuko njiani. Nikangoja mganga mpaka mwanangu akapoa mikononi mwangu. Haya, mnatafuta mchawi? Mwangalieni aliyevaa koti."

Mashujaa wale waliokuja kumuua mfinyanzi mwenye goti bovu wakaanza kutazama viatu vyao, wale wenye viatu. Mmoja akakumbuka mbuzi wake hajafungwa. Mwingine akakumbuka mke. Chikopa akageuka nyuma kutafuta watu wake, akaona migongo. Mganga alishapanda baiskeli. Kioo hakikuwa kimemwonya.

Na wote walikwenda nyumbani, koo zimekauka kwa kelele, wakachota maji katika mitungi yako. Hakuna hata mmoja aliyeuvunja mtungi wake. Uchawi wako ulikuwa mbaya, ila maji yako yalikuwa baridi.

Fanesi alifukuzwa na mumewe kwa maneno yale. Ukampa chumba cha nyuma na sehemu ya udongo wako. Mlifinyanga pamoja mpaka ulipougua. Siku moja Laiton alikuuliza kama ulijua kwamba Fanesi angekuja.

Ulimtazama kwa dharau, dharau yako ile tunayoililia sasa.

"Sikujua. Ningejua, ningemtegemea Fanesi."

Chikopa alikuja kukuzika, Mama. Alilia kushinda wote, na nsima alikula kushinda wote. Sasa ameomba azungumze Jumapili kwenye ibada yako, aeleze alivyokuthamini. Tumemjibu kwamba mahali pa kukaa patakuwapo; pa kusemea hapana.

Tunaokukumbuka ni wanao Laiton, Dorofe na Fanesi. Kaka yako Bizwiki. Wakwe zako, wajukuu, na wajane wa kijito.

Miaka ije na ipite, Mama, wewe hutatutoka. Chikopa naye tunamwombea, kama ulivyotuagiza. Bado hatujui kumwombea vizuri. Hilo nalo tumemwachia Mungu.