Maji Yaliyompiga Bulaimu

Jumanne, 10 Juni 2025 — Salamabila

Mashine inayokata kwa maji imeanza kazi kwenye karakana ya mgodi, amesema Bulaimu, anayeiendesha. Nimekuja kuitazama kwa ajili ya redio yetu ya Kasongo. Pompu inasukuma maji kwenye tundu jembamba kama sindano. Kukata mpira, maji matupu yanatosha. Kioo na chuma vinataka maji yachanganywe na mchanga mgumu. Kioo hakikupasuka. Bamba la chuma, nene kama kidole, lilichukua muda, lakini bila cheche hata moja! Niliposogea nyuma, Bulaimu akacheka: "Mama Aurélie, unaogopa maji?"

Ndiyo.

Jumatano, 11 Juni

Bulaimu ameumia, kasema mke wake, Cécilia. Asubuhi alikuwa anasogeza kipande cha chuma, uzi wa maji ukapita kwenye kidole cha shahada, mkono wa kulia. Tundu dogo. Tone moja la damu. Muuguzi wa kituo cha afya aliuliza imekuwaje.

"Maji ilinipiga."

"Mvua gani tena, papa, na kiangazi hii?" Muuguzi alidhani amenyeshewa.

Plasta, paracétamol, rudi nyumbani. Wenzake karakanani wanamtania: mutu mukubwa, anauguza maji! Mwenyewe anacheka. Mimi niliona chuma kikikatwa jana.

Jioni nimeenda kwao. Kidole kimekakamaa, kimepauka. Kiganja kimevimba. Nimempigia Dokta Élysée, mpasuaji, Kasongo. Nikamwambia: mtu amepigwa na maji. Akauliza kama alizama mtoni. Hata mimi nimelitumia neno lile lile! Nikaanza upya: mashine, mchanga, inakata chuma. Akasema haraka haraka: tundu la nje si kitu, uchafu umeingia ndani na unafuata kano, mkono lazima ufunguliwe uoshwe. Msimkande kwa maji moto.

Cécilia alikuwa na kitambaa mkononi. "Nilimukanda tangu muchana," kasema.

Hakuna pikipiki inayokubali njia ya Kasongo gizani. Tutaondoka alfajiri.

Alhamisi, 12 Juni — Kasongo

Kidole cha kati nacho hakihisi kitu, kasema Dokta Élysée baada ya kukichoma sindano. Tumefika kabla ya adhuhuri, pikipiki mbili. Cécilia alikaa nyuma ya mumewe, akamwinulia mkono njia nzima. Baada ya kuvuka mto, Bulaimu aliacha utani.

Daktari alibonyeza kiganja. Kwenye tundu ukatoka mchanga.

"Dokta, utakata kidole?" Bulaimu akauliza.

"Nitafungua kwanza. Nyama ikiwa imekufa, nakata."

"Basi kata na kisu. Si na ile mashine yetu."

Daktari alicheka kidogo. Cécilia hapana.

Wanamwingiza chumba cha upasuaji saa nane. Kabla ya hapo mke lazima atie sahihi: kidole kimoja, au viwili, au mkono — daktari ataamua ndani. Nimemsomea karatasi yote mara mbili, polepole. Ameniuliza kama anaweza kuandika kimoja tu. Nimekwenda kuuliza.