Aliyempandisha Wandera

Busia,
Jumatano asubuhi.

Mpendwa dada yangu Alaso,

Pokea salamu zangu kutoka kwenye nyumba yetu ya vyumba viwili, yenye yale mapazia ya kijani uliyonishonea. Majirani wameniuliza mara tatu fundi ni nani, na kila mara ninajibu kwa kuringa. Je, mgongo wako umepoa tangu palizi? Shemeji Geoffrey hajambo? Na yule ng'ombe mwenye pembe moja bado anaingia mashamba ya watu? Sisi huku ni wazima. Mimi ni mzima kupita kiasi, kama mtu anaweza kuwa hivyo. Miezi mitatu ya ndoa, dada, na bado nikisikia geti likifunguliwa jioni moyo unaruka kama siku ya kwanza.

Nimekuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu ungenikatiza kabla sijafika ninapotaka kufika. Barua hii inaletwa na Eucabeth, jirani yangu, anayekuja soko la Chakol. Nimempa pia kilo mbili za sukari, usimwache aseme kuwa ni zake. Tafadhali isome hadi mwisho kabla hujasema neno lolote, hata kwa ng'ombe.

Najua unachosubiri. Siku tatu baada ya harusi ulinivuta nyuma ya jikoni ukaniambia umeona dadu kwenye begi la Quinton, tena dadu za ajabu, zenye pande nyingi kuliko za watu wa kawaida, na kwamba mwanamume mwenye dadu ni mwanamume wa kamari. Ukasema mchezo wenyewe uko ndani ya simu yake, niufute wote; atanuna wiki moja, halafu atakuwa mume. Nikakuahidi. Wewe ndiye uliyenilea tangu mama alipotuacha, na sijawahi kukuahidi kitu nikakosa kukifanya. Juzi ulinitumia ujumbe kuuliza kama tayari. Jibu nitakupa, lakini kwanza nikueleze ni kitu gani uliniambia nifute, maana hata mimi sikuwa nakijua vizuri.

Si kamari, dada. Kila Jumapili baada ya kanisa watu wanne hukutana katika ofisi ya maajenti wa forodha, nyuma ya uwanja wa malori. Ni Quinton wangu. Ni Ogendo, mkubwa wao kazini. Ni Jentrix, anayekagua fomu zao na ambaye sauti yake inasikika mpaka upande wa Uganda. Na ni Willis, anayesomea kompyuta chuoni Alupe. Ogendo anasimulia habari za nchi ya kubuni, na kila mmoja ana mtu wake ndani ya hadithi. Mtu wa Quinton anaitwa Wandera, mlinzi wa misafara. Wandera akitaka kuruka mto au kupigana na jambazi, Quinton anarusha dadu ili ijulikane kama ameweza. Basi. Hakuna mtu anayetoka pale na kitu mfukoni isipokuwa maganda ya njugu.

Kila mtu wa hadithi ana karatasi yake inayosema ana nguvu kiasi gani, anaweza kuvumilia majeraha mangapi kabla ya kuanguka, na anajua kufanya nini. Akipita majaribu makubwa anapanda ngazi, kama mwanafunzi anayeingia kidato kipya, na hapo karatasi lazima ibadilike. Zile "fomu za kazi" nilizokuambia Quinton alikuja kuchapisha kwenye kibanda chetu pale Alupe, tulipokutana mara ya kwanza, zilikuwa hizo. Alikuja na karatasi iliyofutwa mpaka ikatoboka. Alinieleza kwamba Wandera akipanda ngazi moja, mambo kumi yanabadilika kwa pamoja, na ukisahau moja, yote yaliyolitegemea yanakuwa makosa. Nikampa raba laini. Akaniangalia kana kwamba nimempa shamba.

Baadaye Willis akawatengenezea karatasi ya kwenye simu, kwa Kiswahili, na haja ya kuchapisha ikaisha. Lakini Quinton aliendelea kuja kuchapisha kwa miezi mitano. Jentrix ndiye aliyenifichulia siku ya harusi, mbele ya pasta. Aliniambia huyu mzee wako ana karatasi tupu nyumbani za kutosha kufungia maandazi ya Busia nzima.

Sasa Jumanne ya wiki iliyopita. Quinton alikwenda Malaba kushughulikia trela lililokwama, akaacha simu yake ya pili ikichaji mezani. Namba ya kuifungua alinipa mwenyewe. Ni tarehe ya harusi yetu. Nikaketi, nikakukumbuka wewe, nikaifungua. Nilienda moja kwa moja kwa Wandera. Kitufe cha kufuta kilikuwa chini kabisa, chekundu. Lakini juu palikuwa na maneno: Wandera yuko tayari kupanda ngazi ya sita. Nikajiambia nitazame kidogo tu kabla sijamfuta.

Dada, sijawahi kuona kitu kilichotengenezwa kwa adabu namna ile. Unapobonyeza, haikurushi juu ghafla. Inakuonyesha Wandera wa leo upande mmoja na Wandera wa kesho upande wa pili, ili uone kitakachobadilika kabla hujakubali. Hesabu zote inafanya yenyewe. Ukigusa uhai, yaani majeraha anayoweza kuvumilia, nguvu ya ngao inajirekebisha, na uzito anaoweza kubeba pia, mpaka mwendo wake akiwa amejeruhiwa. Yale mambo kumi yaliyotoboa karatasi, yote yanatulia mahali pake mara moja. Lakini lile la kuchagua haikuchagulii. Inasimama. Inakuuliza Wandera amejifunza nini, inakueleza kila njia kwa maneno mepesi, halafu inakungoja. Nilifikiria fomu zote nilizowahi kuchapa maishani, na hakuna hata moja iliyowahi kuningoja.

Kisha nikaona kwamba imehifadhi kila ngazi aliyopita, hata zile za enzi za karatasi alizozinakili humo, na tarehe yake, na nafasi ya maelezo. Ngazi ya pili Quinton aliandika habari za jambazi fulani. Ngazi ya tatu aliandika: "Leo yule dada wa kuchapisha amenipa raba." Ngazi ya nne: "Amecheka. Nimesahau nilichokuja kufanya." Ngazi ya tano aliandika neno moja tu, "Amekubali," na tarehe ilikuwa ile Jumapili aliyoniomba nimwoe. Nisamehe, nimeandika kwa haraka. Aliyoniomba niolewe naye.

Nililia mpaka chai ikapoa. Na nikiwa katika hali hiyo, macho yakiwa bado na maji, nikamrudia Wandera aliyekuwa akingoja. Njia zilikuwa mbili, Pigo la Radi na Mikono ya Tiba. Nikachagua Mikono ya Tiba, kwa sababu mtu aliyesafiri hivyo kwa miaka miwili nilimwona amechoka kupiga. Nikabonyeza kukubali. Baada ya hapo ndipo nilipoogopa. Nilirudisha simu mezani, nikaweka waya kama ulivyokuwa, nikaanza kupika.

Quinton alirudi jioni, akashika simu, akaitazama kitambo, akaniuliza kama kuna chumvi ya kutosha. Siku ya Ijumaa akaniomba Jumapili niende naye ofisini, nibebe chupa ya chai, niwaone wenzake wakicheza. Mimi nikafurahi kama mjinga.

Kumbe wana sheria yao, dada, nayo wameitoa kwenye kazi yao. Pale forodhani hakuna mtu anayepitisha fomu peke yake. Lazima jicho la pili liione. Na mezani kwao hakuna mtu anayepanda ngazi peke yake. Simu inawekwa katikati, wote wanatazama, mwenyewe anasema mtu wake amejifunza nini, ndipo anabonyeza. Anayejipandisha kwa siri, mtu wake anarudishwa ngazi ya kwanza. Ogendo alinieleza haya kwa upole, nikimmiminia chai, na chai ikamwagikia sahani.

Jentrix ndiye aliyeona. Alivuta simu ya Quinton, akapiga kelele kwamba Wandera yuko ngazi ya sita tayari. Akamwuliza Quinton, boss, umejipandisha mwenyewe kama bei ya mafuta? Akasema huko Malaba amekuwa akimhubiria habari za uaminifu kumbe nyumbani ni magendo. Tena, akasema, sote tulikubaliana ni Pigo la Radi, sasa hii mikono ya nesi imetoka wapi? Willis alikuwa anacheka mpaka akaona uso wa Ogendo. Ogendo alisema sheria ni sheria, hata kwa rafiki. Miaka miwili ya Wandera ilikuwa inaondoka mbele yangu kwa kidole changu mwenyewe, na mume wangu hajitetei.

Nikasimama na chupa ya chai mkononi. Nikasema ni mimi. Nikasema Quinton hakuwepo, niliifungua simu yake siku ya Jumanne, nikabonyeza, na kama kuna wa kurudishwa ngazi ya kwanza basi nirudishwe mimi. Jentrix akaniambia mama, wewe huna hata ngazi, utarudishwa wapi?

Quinton akamwomba Willis afungue kumbukumbu ya ngazi ya sita na asome kwa sauti. Willis akasoma. Tarehe ya Jumanne, saa nne na dakika kumi asubuhi, saa ambayo Jentrix mwenyewe alikuwa na Quinton kule Malaba chini ya trela. Halafu yakafuata maelezo yaliyoandikwa siku hiyo hiyo jioni, kwa mtindo wa marekebisho ya fomu zao: "Amepandishwa na Sharlyne. Sababu: alisoma ngazi zote kabla ya kuchagua, jambo ambalo mimi sijawahi kulifanya. Imekubaliwa."

Alijua, dada; karatasi ile huonyesha hata ngazi zilizofunguliwa kusomwa. Alijua alipokuwa akiniuliza habari za chumvi. Angeweza kumrudisha Wandera ngazi ya tano kwa kubonyeza mara moja, maana karatasi ile inaruhusu, na hakuna mtu angejua. Aliacha kama nilivyochagua.

Ogendo akasema kosa lililoandikwa na sababu yake si magendo, ni marekebisho, na marekebisho hupitishwa. Wakacheza. Katika saa ya pili mtu wa Jentrix aliangushwa na mnyama wa mtoni, akabakia na pumzi moja, na hapakuwa na mtu wa kumwinua ila Wandera na mikono yake ya nesi. Quinton akarusha dadu, Wandera akamponya. Jentrix akakisogeza kikombe chake kwangu. Halafu akasema, mama Wandera, ongeza chai hapa.

Tulirudi nyumbani kwa miguu, na jua bado lipo. Quinton alinishika mkono mbele ya watu wa boda boda wote, wakatupigia honi. Yeye alikuwa mwenye furaha, lakini mimi sikuweza kufurahi naye, kwa sababu aliamini kwamba nilifungua simu yake kwa udadisi wa mapenzi. Na sasa nafika mahali ambapo ungenikatiza.

Nilimwambia ukweli. Nilimwambia niliifungua ili nimfute Wandera pamoja na maelezo yote, na kwamba kidole changu kilifika mpaka kwenye kile kitufe chekundu. Na nilimwambia nani alinituma. Nilikutaja, dada. Sikutaka ndoa yangu iwe na ngazi moja ambayo maelezo yake ni ya uongo.

Alisimama pale njiani. Aliuachia mkono wangu. Kisha akauliza, dada Alaso aliogopa nini hasa? Nikamwambia uliogopa kamari, kwa sababu ya vile ilivyommaliza baba. Halafu akasema mtu anayeniogopea hivyo si adui wa nyumba yetu, na kwamba kosa ni lake, angekuwekea zile dadu mkononi siku ile ya kwanza na kukueleza. Akanishika mkono tena. Anakualika Jumapili yoyote utakayoweza. Ukiona kamari mezani, anasema, utafuta wewe mwenyewe, na atakushikia simu.

Basi jibu lako ni hili: sikufuta, na sitafuta. Ni ahadi yangu ya kwanza kwako niliyoivunja, na naomba unisamehe.

Kuna jambo moja limebaki. Jumatatu Willis alinifungulia karatasi yangu mwenyewe. Ni ngazi ya kwanza, uhai nane tu, hata kuku anaweza kuniangusha. Ni mwanamke mlezi wa njia, anayewalisha wasafiri na kuwagombeza. Nimempa jina Alaso. Karatasi imeniuliza maelezo ya ngazi ya kwanza, na inangoja kama ilivyo desturi yake. Sijaandika kitu. Eucabeth anarudi kesho kutwa. Chochote utakachompa aniletee, kiwe kizuri au kikali, ndicho nitakachoandika pale.

Msalimie sana shemeji Geoffrey na watoto. Jifunike mgongo asubuhi, baridi ya siku hizi si ya kuchezea. Quinton anakuamkia kwa heshima zote, na amekuwa akiisoma barua hii juu ya bega langu kuanzia kwenye sukari.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Sharlyne Akurut Wesonga
(bado nafurahia kuliandika hilo jina la mwisho)