Nti Kwanda

Bi Rukia wangu,

Mivinje imeshika! Nimelitanguliza neno hilo kabla ya salamu, maana hukuwa na subira na mtu wa kuzungukazunguka.

Tangu wakuzike, Amu, Lamu yenu hii, imenikaa vibaya. Nikivuka kwenda Manda nakaa peke yangu kwenye boti. Hakuna wa kunitania, "Mbara wewe, huli samaki mwenye miba?" Jamani, nilivyolichukia jina hilo la mtu wa bara! Leo nalitamani.

Lile shimo la machimbo la Manda unalijua. Walichimba mawe ya kujengea wakaliacha, kisha watu wakaligeuza mahali pa kupasulia betri kuukuu na kuyeyushia risasi iliyomo. Hata magugu yalikataa kuota. Ukasema watoto wanacheza kwenye sumu ile, lazima tupafunike kwa miti. Ukaugua hatujaanza. Kitandani ulinishika mkono, sauti imekwisha, ukasema, "Mutheu, nti kwanda." Nti, yaani nchi, ardhi. Neno nalijua, nalisikia kila siku sokoni, lakini siku ile masikio yangu ya Kitui yalisikia "mti kwanza." Nikapanda mbio mbio ili upone uje uone.

Hukupona. Miche nayo ikageuka manjano, ikafa yote. Nikaona kama nimekuzika mara ya pili. Nikafunga mizigo nirudi kwetu.

Nilikwenda kumuaga dada yako, Bi Zuhura, aliyekuuguza. Akaniuliza, "Rukia alipokwambia nti kwanda, nti uliipa nini?"

Kumbe ardhi kwanza, si mti! Nilikaa chini pale pale barazani. Nikacheka, halafu nikalia mpaka akaniletea maji.

Nikakumbuka udongo ulionionyesha chini ya mivinje mizee ya Ras Kitau, wenye nyuzi nyeupe nyembamba. Ulisema nyuzi hizo ni kuvu, hushikana na mizizi, zikaulisha mti na kuizuia sumu isipande juu. Nami nilikuitikia tu, akili yangu iko kwenye chai. Basi nikaubeba udongo ule kwa pakacha, nikauchanganya na samadi, nikautandaza shimoni, nikauacha unywe mvua. Ndipo nikapanda.

Jana nilifukua mche mmoja kidogo. Mizizi imevaa nyuzi nyeupe! Nikageuka kukuita. Jina lako lilishanitoka mdomoni, na shimoni mote hamkuwa na mtu. Naumia, Bi Rukia, sitakuficha.

Kwetu sirudi. Kila masika yakikaribia nitavuka na pakacha langu, na mbuzi wa watu nitawafukuza hata wenyewe wakinitukana.

Wewe sasa uko ndani ya nti, na Mola akupanulie nafasi humo. Pumzika, dada yangu. Nti kwanda. Safari hii nimesikia.

Mbara wako,
Mutheu