Neno Nililokataa Kutafsiri

Chonyonyo,
S.L.P. 40, Kayanga,
Karagwe.
11 Oktoba, 1992.

Mpendwa Shangazi Adelgunda,

Shikamoo. Hali yako huko Moshi? Mgongo umeacha kukusumbua? Sisi tu wazima. Mama alishikwa na malaria mwezi jana, lakini sasa ameinuka, na jana alikwenda mwenyewe kukata ndizi. Kaka Mutalemwa amepata binti, nao wamempa jina lako!

Shangazi, nina habari njema. Kahawa yetu imenunuliwa! Juzi lori liliondoka na magunia ya Chonyonyo. Yanakwenda moja kwa moja Uholanzi, kwa kampuni inayouza kahawa ya pakiti. Ngoja nikueleze toka mwanzo, maana nusura tumkose mnunuzi.

Kampuni hiyo haiangalii uzuri wa kahawa tu. Inataka kujua imetoka shamba gani, udongo unatunzwaje, na aliyeichuma anaishije. Ikamtuma mama mmoja, mnunuzi wao, aje ajionee. Mimi, bibi shamba wa chama chetu cha wakulima, ndiye niliyetakiwa kutafsiri.

Tulijiandaa. Watu waliacha kukwanyua matawi, wakachuma nyekundu tu, wakaanika juu ya mikeka isije ikanuka udongo. Tatizo likawa vibarua. Unamkumbuka Sebahire na mkewe Kantengwa, waliotoka Rwanda? Wao na wenzao ndio wanaochuma mashamba mengi hapa, nao walikuwa wanalala katika vibanda vya nyasi vinavyovuja. Mwenyekiti wetu, Mzee Rwezaura, akawaamuru siku ya mgeni wakashinde kijiji jirani, Nyakasimbi. Nilimpinga. Akaniambia, "Joviana mwanangu, akiviona vibanda vile tumekwisha."

Siku ikafika. Mgeni alizunguka migombani, akashika matandazo ya nyasi, akanusa kahawa, akafurahi kweli. Mara akauliza, "Wanaochuma wako wapi?"

Mzee akadakia, "Mwambie tunachuma wenyewe na wake zetu."

Hebu fikiria, Shangazi. Nyuma yangu wamesimama wakulima wote, na ghala limejaa. Nikamgeukia Mzee, nikamwambia kwa lugha yetu ya Kinyambo, "Tata, baba yangu, nisamehe. Hilo sitalitafsiri."

Nilijua kazi imekwisha hapohapo. Mzee akavua kofia, akaigeuzageuza mikononi, kisha akasema polepole, "Basi mwambie wako Nyakasimbi. Niliwaondoa mimi, kwa aibu."

Nikatafsiri yote. Mgeni akafungua mlango wa gari, akatuashiria tupande. Tuliwakuta wamekaa kando ya barabara na watoto wao. Akamuuliza Kantengwa anataka nini. Kantengwa alimtazama kwanza mwenyekiti, ndipo akajibu, "Ninachochuma kipimwe nikiwa naona. Na wanangu waende shule, wasinifuate shambani."

Mgeni akasema ameonyeshwa mashamba mengi mazuri yasiyo na watu, na huko kote aliondoka bila kununua. Kahawa yetu ataichukua, ila hayo mawili yafanyike kwanza, na vibanda vijengwe upya.

Basi tukafanya kazi kama wenye wazimu! Mizani ikatolewa ghalani ikawekwa uwanjani, mbele ya kila mtu. Nyumba za udongo zikasimama, bati zikapigiliwa. Watoto wa Kantengwa wako darasani. Na vibarua wakamchagua Kantengwa mwenyewe asimamie mizani. Ungecheka, Shangazi! Alimrudishia mwenyekiti debe lake kwa sababu lilikuwa na mbichi, na Mzee akakaa chini kuzitoa mojamoja, bila kunung'unika.

Kabla lori halijaondoka, zilikuja habari kwamba kampuni inaitaka kahawa yetu msimu ujao pia. Wanawake walipiga vigelegele hadi dereva akashuka kucheza.

Sasa wakulima wa Nyakasimbi nao wanataka kuingia katika biashara hii, na kesho nakwenda kukutana nao. Mzee Rwezaura hataki niende peke yangu. Anasema lazima awaeleze kwa kinywa chake jinsi alivyowaficha watu, ili wao wasijaribu.

Mama anakusalimu sana, na Mutalemwa, na wajina wako mchanga. Nisalimie binamu Projest na Laurensia. Mungu akupe mgongo wenye nguvu, uje umbebe mtoto huyu kabla hajaanza kukimbia.

Ni mimi binti yako nikupendaye,
Joviana