Tuliuombea Mstari Upande

Nkome, Geita

Mpendwa Baba Kabula,

Mwangaluka, na Bwana asifiwe sana. Naomba barua hii ikukute mguu wako umeacha kuuma na ng'ombe wamepata majani. Sisi huku ziwani tu wazima, ila mbavu zinauma kwa kucheka. Nimeamua kuandika maana kwenye simu ungenikatisha, nakujua, na jambo lenyewe linataka utulivu. Usiende shuleni kumbadilishia Kabula masomo. Subiri kwanza nikueleze.

Unakumbuka alivyokupigia akilia kwamba uchumi umemshinda, amefeli jaribio, heri ahamie kombi ya historia na Kiswahili. Ukasema ukimaliza kuvuna mpunga utapanda basi ukamwone mkuu wa shule. Basi alipokuja kwangu likizo alikuwa kimya mno. Asubuhi ananisaidia kuanika dagaa, mchana anajifungia ndani. Siku moja naingia, nakuta amechora ukutani kwa mkaa mstari mkubwa, umeanzia juu kabisa ukateremka mpaka karibu na sakafu. Mwenyewe kakaa chini anautazama, kashika tama. Nikajua hizo ndizo alama zake tangu aingie kidato cha tano.

Sikumwuliza. Nilikwenda kwa kina mama wenzangu wa maombi, tukafunga, na jioni wakaja nyumbani. Mama Sabina, jirani yangu pale tunapoanika dagaa, mwenye ile sauti ya kuamsha mtaa, akaweka kiganja palepale ukutani: "Ee Bwana, uinue mstari huu! Usishuke tena!" Sote tukaitikia, "Amina!" Mara namwona Kabula kajifunika khanga, mabega yanatikisika. Nikadhani ameguswa na Roho. Kumbe anacheka!

"Jamani mama zangu, msiuinue! Ukipanda ndio nitafeli."

Akatueleza kwamba huo si mstari wa alama, ni wa wanunuzi. Kule juu bei ni kubwa na wanunuzi ni wachache. Bei ikishuka, wanaongezeka. "Mama Sabina, nyanya zikiwa ghali unanunua nyingi?"

"Nanunua moja, naikata utadhani inalisha kanisa zima. Lakini wewe mtoto usitudanganye! Mbona juzi dagaa walipanda bei, na wale wa chakula cha kuku wakazoa wote, wakataka na wengine?"

Kabula akaugeuzageuza mkaa mkononi. Nikaogopa tumemharibia. Kisha akageuka, akachora mstari wa pili kando ya ule wa kwanza, nao unateremka vilevile. "Wafuga kuku wameongezeka," akasema polepole. "Hapo hatutelezi kwenye mstari uleule. Mstari mzima umehama." Akajipiga paji la uso. "Mama! Ndilo swali lililoniangusha! Nilikariri tu, sikuwa nimeliona."

Baba Kabula, laiti ungeuona uso wake. Tangu siku ile kina mama wanakuja wenyewe jioni kumchokoza kwa maswali, naye anawajibu mpaka mboga inaungua. Jana akaniambia, "Mwambie baba asije shuleni. Nabaki na uchumi."

Nikamwuliza, "Una hakika utafaulu?"

"Hapana, mama. Ila kuacha sitaki tena."

Mimi niliishia la saba, matokeo siwezi kukuahidi. Hayo yako kwa Mungu na kwa mtoto mwenyewe. Nakuomba tu umwache ajaribu. Na hilo basi lipande vilevile, ila ushukie huku kwangu, na ukumbuke matobolwa, viazi vya kwetu nimevikosa sana.

Mpe mama mkwe shikamoo yangu, nimemtengea dagaa laini wasiosumbua fizi. Msalimie shemeji fundi baiskeli na mkewe. Mwalimu wa shule ya Jumapili mwambie wabeja kwa maombi yake, ila umweleze vizuri asije akakosea kama sisi. Ukutani sijafuta. Kila nikipiga magoti naomba mstari ubaki vivyo hivyo, umeteremka.

Ni mimi mkeo nikupendaye,
Mama Kabula